Hayati Rwagasore na Viwanja vya Rohero

Askari aliyepata kupangiwa zamu katikati ya mji wa Bujumbura, awe wa doria ya usiku au wa kuongoza magari penye njia panda, huufahamu mtaa wa Rohero kwa viwanja vyake kuliko kwa nyumba zake. Upo Uwanja wa Uhuru, ambao wenyeji huuita kwa Kifaransa Place de l'Indépendance. Ipo bustani ya umma, ambamo watu wa mji hukimbia na kunyoosha viungo asubuhi za mwisho wa juma. Kipo kiwanja cha mpira ambacho kwa miaka mingi kiliitwa kwa jina la Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore. Na mtu akiinua macho upande wa mashariki, kule mji unakoanza kupanda vilima, huona kilima cha Vugizo, na juu yake matao ya kaburi la huyo huyo Rwagasore. Kutoka hapo ziwa Tanganyika huonekana limelala chini, na ng'ambo yake milima ya Kongo.

Kilima hicho nacho kilikuwa ndani ya komini ya Rohero, kabla komini hiyo haijaunganishwa na jirani zake na kuwa komini ya Mukaza. Basi tukisema habari za viwanja vya Rohero, tunasema habari za mtu mmoja zaidi ya wengine wote. Barabara kuu ya biashara ina jina lake. Uwanja wa Uhuru unakumbusha siku aliyoipigania asiione. Wengi hukaa katika vivuli hivyo wakanywa soda zao na kuondoka bila ya kujua habari zake ila jina na tarehe ya kufa. Ndiyo sababu tumekusudia leo kuyasimulia maisha yake. Na kwa kuwa wengi wa wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa sare, hatutaacha kuyatazama mambo mawili yanayowahusu wao hasa: namna kiongozi huyo alivyouawa, na namna kesi ya mauaji hayo ilivyoendeshwa.

Kwanza tuseme neno juu ya mji wenyewe. Bujumbura, ambayo wakoloni waliiita Usumbura, ilianza kukua mwishoni mwa karne ya 19, Wajerumani walipoweka kituo cha jeshi kwenye pembe ile ya ziwa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliingia kutoka Kongo na kuuteka. Vita vilipokwisha Wabelgiji wakakabidhiwa Ruanda-Urundi na Shirikisho la Mataifa, na baada ya mwaka 1946 wakaitawala kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Usumbura ikawa makao yao makuu. Wakaupanga mji kama miji mingine ya kikoloni ilivyopangwa: Wazungu upande wa Rohero na vilimani Kiriri, wafanyabiashara wa Kiasia katika mtaa ambao mpaka leo unaitwa Asiatique, na Waafrika katika mitaa yao, mmojawapo ukiwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Rohero ikapata njia pana, miti ya kivuli na bustani. Buyenzi ikapata viwanja vidogo vidogo vilivyobanana. Umbali baina ya mitaa hiyo miwili mtu huutembea kwa miguu bila ya kuchoka, lakini katika miaka ile ulikuwa umbali mkubwa sana.

Rwagasore hakuzaliwa katika mtaa wowote wa mji huo. Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne na mkewe Thérèse Kanyonga. Mwambutsa alitawazwa mwaka 1915 akiwa mtoto mdogo, akakulia chini ya wasimamizi, na kwa hiyo utawala wake wote ulikuwa wa kuishi pamoja na wakoloni, leo akiwaridhia, kesho akiwakwepa. Babu wa babu zao walikuwa wafalme wenye nguvu. Mmoja wao, Mwezi Gisabo, aliwapinga Wajerumani kwa silaha hata mwaka 1903 alipolazimika kutia saini mapatano ya Kiganda. Jamaa wa ukoo wa kifalme waliitwa Baganwa, nao hawakuhesabiwa miongoni mwa Wahutu wala Watutsi. Lakini Baganwa wenyewe walikuwa na mafarakano yao ya tangu zamani, Bezi kwa upande mmoja na Batare kwa upande wa pili, kila upande ukidai kwamba umedhulumiwa na mwenzake. Msomaji alishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Kijana alisomeshwa kama watoto wa watawala walivyosomeshwa wakati huo. Alipelekwa Astrida, mji wa Ruanda ambao siku hizi ni Huye, katika shule ya mabruda ambayo Wabelgiji waliitumia kuwaandaa makarani na watemi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akavuka bahari kwenda Antwerp, Ubelgiji, kwenye chuo cha mambo ya makoloni. Hakukaa huko muda mrefu. Mwaka 1956 alikuwa amekwisha rudi nyumbani, na hatusikii kwamba alijitukuza kwa shahada. Alilorudi nalo ni ujuzi wa namna Wabelgiji wanavyoishi kwao, ambako mfanyakazi ana chama chake na mkulima ana ushirika wake.

Ushirika ndio uliokuwa kazi yake ya kwanza, nasi tungependa kukaa hapo kidogo, kwa sababu wanaomtukuza siku hizi huruka sehemu hii upesi ili wafike kwenye siasa. Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Burundi. Fikira yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutenda. Biashara ya nchi, kuanzia kununua kahawa ya mkulima mpaka kumuuzia huyo huyo mkulima nguo na chumvi, ilikuwa mikononi mwa wageni. Mwafrika mwenye duka dogo alinunua mali kwa bei ya mgeni na kuuza kwa faida isiyofaa kitu. Kama wenye maduka madogo wangeungana, wakaagiza mali pamoja na kukopeshana, wangeweza kusimama.

Na wenye maduka madogo wa Usumbura walikuwa nani? Wengi wao walikuwa Waswahili wa Buyenzi. Hao walikuwa watu wa asili mbalimbali, wengine wazee wao walitoka Manyema na sehemu nyingine za Kongo, wengine Ujiji na pwani, wengine Warundi waliosilimu na kuingia mjini. Kilichowaunganisha kilikuwa lugha, biashara, na kwa walio wengi dini ya Kiislamu. Serikali ya kikoloni haikuwapenda. Iliwaona kama wageni katika nchi waliyozaliwa, na ilichelea uhusiano wao na Tanganyika, ambako chama cha TANU kilikuwa kimeundwa mwaka 1954 na sauti yake ilikuwa ikivuka ziwa pamoja na magunia ya dagaa. Mtoto wa Mwami, aliyelelewa katika Ukatoliki na kusoma kwa mabruda, aliacha njia zenye miti za Rohero akaenda kukaa vibarazani Buyenzi kuzungumza bei za nguo na masharti ya mikopo. Watu wa mji walishangaa. Wabelgiji hawakushangaa, walitia wasiwasi.

Lazima tuseme ukweli kwamba ushirika ule haukudumu. Ulipanuka haraka kuliko ujuzi wa waliouendesha, hesabu zikaharibika, na mwaka 1958 ulikuwa umezama katika matatizo ya fedha. Rwagasore alikuwa hodari wa kuwavuta watu, lakini katika kuchunga daftari la fedha hakuwa hodari. Maadui wake walilitumia jambo hilo kumdhihaki. Hata hivyo fedha zilipopotea, watu hawakupotea. Wale wenye maduka, madereva, makarani na vijana wa Buyenzi waliomfahamu kwa njia ya ushirika ndio waliokuwa tayari alipowahitaji kwa kazi nyingine.

Kazi hiyo nyingine ilikuwa chama cha siasa. Chama cha Umoja na Maendeleo ya Taifa, kwa kifupi UPRONA, kilianza mwaka 1958, na Rwagasore ndiye aliyekuwa roho yake. Chama kilidai uhuru wa haraka chini ya ufalme, na kiliwaweka pamoja Baganwa, Watutsi na Wahutu. Miongoni mwa Wahutu waliosimama karibu naye walikuwamo Paul Mirerekano, mtaalamu wa kilimo, na Pierre Ngendandumwe. Katika Ruanda ya jirani mwezi Novemba 1959 moto wa ukabila ulikuwa umekwisha kuwaka, na watu waliochomewa nyumba walikuwa wakimiminika mpakani. Kwa hiyo kuwakusanya watu wote chini ya bendera moja katika Burundi ya miaka ile hakukuwa maneno ya jukwaani tu. Mwezi Septemba 1959 Rwagasore alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, ambaye inaelezwa kwamba alikuwa Mhutu. Walipata watoto wawili wa kike, na wote wawili walifariki wakingali wachanga.

Wabelgiji walijaribu kwanza kumtuliza kwa cheo. Mwaka 1959 alipewa utemi wa Butanyerera, upande wa kaskazini, mbali na mji na mbali na ziwa. (Jina hilo la Butanyerera limefufuka katika siku zetu, kwa kuwa ni mojawapo ya mikoa mitano iliyobaki katika mgawanyo mpya wa nchi.) Cheo hakikumfunga. Aliendelea na chama, akashikamana na viongozi wa nchi za jirani, Julius Nyerere wa Tanganyika na Patrice Lumumba wa Kongo. Urafiki na Lumumba ndio uliowatisha zaidi watawala, na baada ya Kongo kuingia katika machafuko mwezi Julai 1960, Rwagasore alihesabiwa kuwa hatari.

Hapo ndipo mbinu zikabadilika. Mwaka 1960, katika mkutano uliofanyika Brussels, ulipitishwa uamuzi wa kuwazuia jamaa wa karibu wa Mwami wasishike nyadhifa za kisiasa. Hapana aliyekuwa na shaka kwamba uamuzi huo ulishonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Rwagasore alijibu kwa kuwataka wananchi wasusie maduka ya wageni na wagome kulipa kodi. Tarehe 27 Oktoba 1960 akawekwa kizuizini, na akakaa humo mpaka tarehe 9 Desemba. Katika majuma hayo hayo uchaguzi wa komini ukafanyika. Chama cha Kikristo cha Kidemokrasia, PDC, kilipata viti 942 kati ya 2,876, na UPRONA viti 545. Chama hicho cha PDC kiliongozwa na ndugu wawili, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, wana wa mtemi Pierre Baranyanka. Baranyanka alikuwa Mtare. Rwagasore alikuwa Mwezi. Ugomvi wa kale wa Baganwa ulikuwa umevaa nguo mpya za vyama, na Wabelgiji walijua vema ni upande gani wanaoupenda. Mwanzoni mwa 1961 iliundwa serikali ya muda, na Ntidendereza akawa waziri wa mambo ya ndani.

Lakini Burundi ilikuwa nchi ya udhamini, na udhamini una mwenyewe. Umoja wa Mataifa ulikataa uchaguzi wa namna ile, ukadai wafungwa wa siasa waachiliwe, vizuizi viondolewe, na uchaguzi wa wabunge ufanyike mbele ya wasimamizi wake. Siku ya uchaguzi ilikuwa tarehe 18 Septemba 1961. UPRONA ilichukua viti 58 kati ya 64. PDC, ambayo miezi kumi tu kabla yake ilikuwa imeshinda, ilifagiliwa. Mwishoni mwa mwezi huo Rwagasore akawa Waziri Mkuu, naye alikuwa na umri wa miaka 29.

Wale waliotazamia kisasi hawakukiona. Alipopata ushindi aliwahutubia wananchi akawasihi wasiwaguse walioshindwa, akasema kwamba ushindi ule ni wa nidhamu na si wa chama kimoja juu ya kingine, na kwamba wananchi wataihukumu serikali kwa matendo yake. Mambo hayo tunayataja kwa sababu yalionekana katika vitendo: aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani alitembea mjini kama raia mwingine yeyote, na hakuna aliyemfungia mlango.

Tufike sasa usiku wa Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1961. Waziri Mkuu alikuwa amekaa wiki mbili tu katika kazi yake. Mambo ya ulinzi wa nchi na mambo ya nje yalikuwa bado mikononi mwa Ubelgiji, kwa kuwa uhuru kamili ulikuwa haujafika. Burundi haikuwa na jeshi lake. Jioni hiyo Rwagasore alikuwa akila chakula pamoja na marafiki na baadhi ya mawaziri wake katika mkahawa wa Hoteli Tanganyika, karibu na maji ya ziwa. Mkahawa ulikuwa wa wazi. Yeyote aliyekuwa nje gizani aliweza kuwaona walioketi ndani ya mwanga, na walioketi ndani hawakuweza kumwona aliye nje. Askari anayesoma habari hizi hahitaji kuelezwa zaidi. Mnamo saa tatu na nusu za usiku risasi moja ilipigwa kutoka gizani. Rwagasore akafa pale pale.

Hapakuwa na ulinzi uliotosha kumzuia mtu mmoja mwenye bunduki moja. Tukisema hivyo hatumlaumu askari fulani, maana askari wa kulaumiwa hakuwapo. Serikali mpya ilikuwa na mawaziri na bunge, lakini haikuwa na kikosi ambacho ingeweza kukiamuru. Waliokuwa na amri juu ya vikosi walikuwa wale wale ambao hawakufurahia ushindi wake. Mtu anaweza kubishana juu ya nani alijua nini kabla ya risasi ile, na watu wamebishana kwa zaidi ya miaka sitini. Lakini kwamba Waziri Mkuu wa nchi aliachwa akae katika mwanga bila ya ngao, hilo halina ubishi.

Upelelezi haukuchukua siku nyingi. Aliyepiga risasi alikuwa Mgiriki aliyekaa Usumbura, Jean Kageorgis, naye alikamatwa mapema pamoja na wenziwe na akakiri. Fununu zikawafikisha wapelelezi kwa Ntidendereza na Biroli, kwa Antoine Nahimana na Jean Ntakiyica, na kwa Mgiriki mwingine mfanyabiashara, Michel Iatrou. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya Kibelgiji kabla ya uhuru. Baada ya rufaa, hukumu ya kifo ilibaki juu ya Kageorgis peke yake, na wengine wakapewa vifungo. Kageorgis aliuawa tarehe 30 Juni 1962. Kesho yake, tarehe 1 Julai, Burundi ikawa huru, na Usumbura ikabadilishwa jina kuwa Bujumbura.

Wananchi wengi waliona kwamba Mbelgiji alikuwa amefanya haraka ya kumwondoa aliyevuta kifyatulio, na kuwaacha hai waliomtuma. Serikali huru iliunda mahakama kuu mpya na kuifungua kesi tena kwa wale waliokwisha hukumiwa. Watano wakahukumiwa kifo, na tarehe 15 Januari 1963 wakanyongwa hadharani Gitega. Hapa tunasita. Kuwa wauaji wale walistahili adhabu ni jambo moja. Kumhukumu mtu mara mbili kwa kosa lile lile ni jambo jingine, na wanasheria wa nchi za nje walililalamikia. Nasi tunafikiri malalamiko yao yalikuwa na haki, kwa kuwa kesi iliyofunguliwa upya kwa hasira haikupeleleza zaidi ya pale Wabelgiji walipoachia. Kamba ya Gitega ilizika pamoja na watu watano majibu ambayo leo yanatafutwa katika makabati ya nyaraka huko Brussels.

Rwagasore alizikwa Vugizo, juu ya mji ambao hakuzaliwa ndani yake lakini ndani yake alifanya kazi zake zote. Yaliyofuata baada yake yameandikwa katika mitaa ya Rohero kwa namna ambayo mgeni haitambui. Mwezi Januari 1962, kabla hata ya uhuru, kundi la vijana wa chama lililochukua jina lake, Vijana wa Kizalendo wa Rwagasore, lilifanya ghasia katika mtaa wa Kamenge, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo viongozi wa chama cha wafanyakazi waliokuwa Wahutu. Jina la mtu aliyewasihi watu wasiguse walioshindwa lilitumiwa kuwapiga watu, na mwaka mmoja ulikuwa haujapita tangu azikwe. UPRONA ikagawanyika makundi mawili, Casablanca na Monrovia. Ngendandumwe, yule rafiki yake, alifikia kuwa Waziri Mkuu, akapigwa risasi Bujumbura tarehe 15 Januari 1965. Mirerekano naye aliuawa mwaka huo huo, baada ya jaribio la mapinduzi lililoshindwa.

Baadaye zikaja siku za wanajeshi. Mwezi Julai 1966 mdogo wake Rwagasore, Charles Ndizeye, alimwondoa baba yao katika kiti, akatawala kwa jina la Ntare wa Tano. Tarehe 28 Novemba mwaka huo huo Kapteni Michel Micombero akamwondoa Ntare na kuufuta ufalme. Mojawapo ya barabara kubwa za Bujumbura inaitwa Barabara ya Tarehe 28 Novemba. Tarehe 1 Novemba 1976 Kanali Jean-Baptiste Bagaza akamwondoa Micombero, na barabara nyingine ikaitwa Tarehe 1 Novemba. Kati ya tarehe hizo mbili umo mwaka 1972, ambao haukupewa barabara, ingawa makadirio husema walikufa watu zaidi ya laki moja, wengi wao Wahutu, na ingawa Ntare mwenyewe aliuawa Gitega katika siku zile za Aprili. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimwua Rais Melchior Ndadaye, ambaye naye alikuwa ameshinda uchaguzi miezi michache tu kabla yake. Mwaka 2004 Benki ya Taifa ilipotoa noti ya faranga 10,000, ilizichapa sura mbili pamoja, ya Rwagasore na ya Ndadaye.

Katika Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 iliandikwa kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya watu katika jeshi la nchi. Wapo wanaoichukia hesabu hiyo, wakisema jeshi huandikisha kwa ushujaa na si kwa asili. Ni maneno mazuri, na katika nchi isiyo na historia ya Burundi tungeyaunga mkono. Lakini msomaji akitazama mfululizo wa tarehe tulizozitaja, ataona kwa nini waliokaa Arusha walitaka jambo hilo liandikwe kwa tarakimu. Risasi ya Hoteli Tanganyika ilimwondoa mtu ambaye pande zote zilikuwa zikimwamini kwa wakati mmoja. Tangu hapo kila upande ulitafuta usalama wake katika bunduki ya mtu wake.

Shauri la mauaji yenyewe halijafungwa. Mwaka 2018 serikali ya Burundi ilitangaza rasmi kwamba Ubelgiji ndiyo iliyoamuru Rwagasore auawe. Mwaka 2021 Mbelgiji Ludo De Witte, ambaye zamani aliandika kitabu juu ya kuuawa kwa Lumumba, alitoa kitabu kingine juu ya kuuawa kwa Rwagasore, akieleza kutokana na nyaraka kwamba maofisa wa kikoloni walihusika zaidi ya ilivyokubaliwa mahakamani. Sisi si mahakama. Tunaloweza kusema ni kwamba mpelelezi aliyefunga jalada lake mwaka 1962 asingelipata cheo katika kituo chochote cha polisi cha leo.

Viwanja navyo vimeendelea kubadilika majina. Mwaka 2019 kiwanja cha mpira cha Rwagasore kilipewa jina la Intwari, maana yake mashujaa, na wapo wazee wa Buyenzi ambao hawajalizoea. Kwao kiwanja ni Rwagasore, kama vile barabara ni Rwagasore. Katika mwaka huo huo makao makuu ya kisiasa yalihamia Gitega, mji alikozaliwa Mwana wa Mfalme na mji waliponyongwa waliohukumiwa kwa damu yake. Wizara zikaanza kufungasha makabati. Kaburi halikuhamishwa. Kila tarehe 13 Oktoba, ambayo ni sikukuu ya taifa, wakuu wa nchi hupanda Vugizo na mashada ya maua, na askari husimama kwa heshima chini ya yale matao, mgongo kwa mlima na uso kwa ziwa.